Kwaya mbili, kitambaa kimoja

Leo bibi zangu wawili wamemgombania msichana mmoja kwenye picha.

Mmoja ni bibi mzaa mama, Mlutheri. Mwingine ni rafiki yake, Bibi Tabitha, Mwanglikana, kaja kutoka Mashewa kumjulia hali. Nikawatolea picha ya kwaya ya enzi za vijiji vya ujamaa.

Bibi akaweka kidole. "Huyu mimi."

Bibi Tabitha akaweka palepale. "Hapana mwenzangu, huyo ni mimi."

Utaamuaje kesi ya watu unaowaamkia shikamoo?

Ikabidi wanieleze. Kila kwaya, ya Walutheri na ya Waanglikana, ilishona sare kwa siri, ili kuwafunika wenzao kwenye mkutano wa injili. Sasa duka la ushirika pale kijijini lilikuwa na kitambaa cha aina moja tu.

Siku ikafika, wote wametokea na sare za maua yaleyale ya bluu.

Wakanuniana, mpaka mwinjilisti mgeni, asiyejua lolote, akasema, "Kwaya ipite mbele." Wakapita wote. Wakaimba pamoja, na tangu hapo wakawa wanaongozana vijijini, kuimba na kuwalimia wagonjwa mashamba yao.

Nikasema ngoja niikuze picha kwenye simu, tuone vizuri.

Bibi akanishika mkono. "Acha. Kama si mimi, ni Tabitha. Ni sawa tu."

Bibi Tabitha akanywa chai yake taratibu.

"Lakini ni mimi."

Picha hiyo hapo chini. Ukimtambua, tafadhali usiandike jina.