Aliyekuwa Akikosea Jioni

Juzi nilikuwa ofisi ya walimu ya shule moja ya msingi huko Muleba, nikisubiri ripoti ya mpwa wangu. Akaingia baba mmoja na mama yake mzazi, akaweka kishikwambi cha shule mezani kama anayerudisha samaki aliyeharibika.

"Mwanangu yuko darasa la tano," alisema. "Hii akili mnemba yenu inamfundisha ba, be, bi."

Mwalimu alieleza kwa upole kwamba programu humpa kila mtoto mazoezi kulingana na anavyojibu. Akafungua kumbukumbu, akakunja uso. "Darasani anasoma vizuri. Nyumbani, jioni, anakosea hata silabi. Nani anakaa naye?"

Bibi alirekebisha kitenge chake, akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Waitu mwalimu, mtoto akienda kuchota maji, ninabaki na hiyo programu mimi."

Mwanawe alimgeukia. "Mama, si ungeniambia nikufundishe?"

"Ulinifundisha. Ukapaza sauti siku ya kwanza."

Baba akatazama dirishani. Bibi alifungua kifundo cha kitenge, akamwekea mwalimu mezani punje za kahawa ya kutafuna, kama anavyokirimiwa mgeni. "Mtoto mrudishe la tano. Mimi niache hapo hapo kwenye be. Nilikuwa nimeanza kuelewa."

Tunabishana sana kama mashine inaweza kuwa mwalimu. Sijui. Ninachojua ni kwamba hii haikumpazia mtu sauti.

Mwalimu alimfungulia bibi nafasi yake mwenyewe. Programu ilikataa umri wake, ikabidi aandike miaka saba. Bibi alisema inatosha.