Magodoro ya Idjwi

Kila ninapoanika godoro lililolowa, harufu ya sponji inanirudisha kisiwani Idjwi, kwenye njia nyembamba inayofuata ziwa. Ilikuwa siku yetu ya mwisho ya likizo, vakansi kama tulivyoiita. Kesho yake tungerudi Bukavu. Papa, baba yangu, alitangulia, mimi nikichungulia maji kila kona. Chini, mitumbwi ilikuwa ikishusha watu wenye magodoro kichwani, yakichuruzika.

"Papa, hawa nao wanakuja vakansi? Sasa juu ya nini wanabeba matela?" nilimuuliza, nikishangaa kwa nini mtu wa likizo abebe godoro.

Mama mmoja aliyeshuka mtumbwini alimnong'oneza Papa. Nilisikia tu: "Musirudi kule."

Papa aliutazama upande wa Bukavu, mitumbwi ile ilikotoka.

"Ndiyo, wanakuja vakansi," akaniambia. "Na ya kwetu imeongezwa."

Nilikimbia mbele kwa furaha, nikimpa mkono kila aliyeshuka: "Karibuni vakansi!"