Fahali wa Ukungu Yuko Nambis

Nilikuwa dalali wa ng'ombe kwa miaka kumi na minne kabla sijawa mtu wa filamu, na tofauti sikuiona kubwa. Kote kuwili unasimama juani unamsifia mnyama ambaye si wako. Mnadani Katesh nilijifunza kuhesabu mara mbili: kwanza vichwa, halafu miguu, ugawanye kwa nne. Ukipata jibu lile lile, nyamaza. Ukipata tofauti, kuna mtu anakudanganya, na mara nyingine ni wewe mwenyewe.

Kitabu nilikijua kupitia kwa binti yangu wa miaka tisa. Shuleni kwao walikuwa wanakisoma kwa zamu mpaka jalada likabanduka, na aliyelala nacho zaidi ya siku tatu alisemwa kama mwizi. Ni hadithi ya msichana na fahali mwenye pembe tatu anayeshuka mlimani ndani ya ukungu. Watu wazima hawamwoni. Mimi niliishia darasa la saba na sijawahi kumaliza kitabu kwa macho. Hiki nilikimaliza kwa masikio, binti akinisomea kurasa mbili mbili nikikamua maziwa.

Kwa hiyo kijana mmoja kutoka Arusha, mwenye kamera ya kukodi, aliponiambia anataka kukifanya filamu ya kuangaliwa na familia nzima lakini mwandishi hakubali, nilimwambia: niachie mimi.

Mwandishi ni mwalimu mstaafu, anaishi Gitting na viazi vyake. Nilikaa kwake siku mbili, mpaka nikamsaidia kuvuna. Mwisho alinipa sharti moja tu.

"Fahali hafi," alisema. "Watoto wananiandikia barua, wote wanauliza kama bado yupo. Nimewajibu yupo. Filamu yako isinifanye mwongo."

Nikampa mkono. Mnadani ukishatoa mkono umeuza, hata kama ng'ombe ataanguka hatua tatu mbele.

Msichana wa filamu akawa binti yangu, kwa sababu maneno yote alikuwa nayo kichwani tayari. Fahali alitengenezwa na fundi viatu wa Katesh: fito, ngozi mbili za ng'ombe mweupe, pembe tatu za kweli, na ndani yake vijana wawili ambao hawakuona mbele, ndiyo maana alitembea polepole kama mzee anayetoka kanisani. Binti yangu aliwajua wale vijana, alikuwa anawapelekea chai. Hata hivyo alimwita Fahali kwa jina lake la kitabuni na kumfunika turubai mvua ikinyesha.

Mahali palikuwa Nambis, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Ua wake unatazama mteremko ambao ukungu huupanda kila asubuhi bila kulipwa. Kando ya ua kuna makaburi manne ya ukoo: baba mkwe, wazazi wake, na mtoto mmoja. Niliomba ruhusa kwa adabu zote. Nilimwambia mama watakuja watu wa picha, watatembeatembea, wataondoka. Sikumwambia kuwa katika sura ya tatu babu wa yule msichana anazikwa. Ng'ombe mwenye jino bovu humfungui mdomo mpaka mnunuzi aombe.

Siku ya mazishi nikaipanga Jumanne, kwa kuwa Jumanne mama hupeleka vitunguu saumu sokoni Mbulu. Dairekta, yule kijana wa Arusha, alitaka shimo la kweli, udongo wa kweli, pembeni ya makaburi yale manne, picha ipendeze. Vijana wakachimba. Akina mama wa jumuiya wakaja kuigiza waombolezaji; tuliwaomba walie kidogo. Sasa, nani hapa duniani hana mtu wake wa kumlilia? Walilia. Dairekta aliposema basi, imetosha, wao hawakuwa wameanza.

Ng'ambo ya bonde hakuna aliyejua habari za filamu. Walichoona ni udongo mwekundu ukitupwa juu, walichosikia ni kilio. Saa nane wakaanza kufika, mmoja mmoja, na mizigo ya kuni kama inavyopasa, wakaishusha mlangoni na kusema poleni. Kisha wakauliza ni nani.

Nilihesabu kuni. Mizigo tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Nilieleza habari za kamera, nikawaomba radhi, nikawaomba wazichukue kuni zao. Mzee mmoja aliniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mlevi wa mchana.

"Kuni za msiba hazirudi nyumbani," alisema. "Zikirudi, zinarudi na msiba wenyewe."

Wakaondoka, kuni zikabaki.

Mama mkwe alirudi saa kumi. Kile ambacho sikukihesabu ni njia. Kuanzia njia panda watu walikuwa wanampa pole, na kila aliyeulizwa alisema hajui ni nani, ila ni kwake. Alipanda kilima chote namna hiyo. Alipotokea uani hakuwa na kikapu wala kanga ya begani, na sijui aliviangusha wapi. Hakutazama kamera. Alimtazama binti yangu, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa shimo na udongo mkononi kwa ajili ya shoti ya mwisho. Akamshika mkono, wakaingia ndani, mlango ukafungwa.

Kamera ilikuwa inarudi Arusha Jumamosi saa nne asubuhi na haikuwa na siku ya nyongeza. Zilibaki sini nne, yaani vipande vinne vya filamu. Binti yangu alikuwamo katika zote nne, na thelathini na moja tulizokwisha kupiga zilikuwa na uso wake. Bila yeye tulikuwa na picha nzuri za ukungu.

Mama mkwe huwezi kupatana naye bei. Hilo halihitaji kufundishwa. Unasema shikamoo, unaitikiwa marahaba, halafu unakaa mbali na kuangalia miguu yako. Nikamwita mke wangu kutoka Mbulu mjini anakofanya kazi, akawa anabeba maneno kutoka uani mpaka jikoni na kurudi. Jumatano nilifukia shimo kwa mikono yangu, nikatuma ujumbe kwamba shimo halipo tena. Mke wangu alirudi na jibu.

"Anasema umefukia udongo. Hujazika."

Nilisikia kuwa kuna sehemu ambako kaburi lisilo na mtu huzikwa mgomba. Huku kwetu juu baridi haipendi migomba, kwa hiyo nilikodi bodaboda mpaka bondeni, nikarudi nimekumbatia shina la mgomba kama bibi harusi, watu wa njiani wakinipigia miluzi. Jibu lilitoka jikoni kabla sijalishusha. Mama anauliza, mgomba huu nani aliulilia?

Siku hiyo hiyo mtoto akapata homa. Zahanati walimpima, malaria hakuna, wakasema ni baridi tu, wakampa vidonge. Niliruhusiwa kuingia kumwona kwa muda mfupi. Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya simu, dakika nzima, halafu nikahesabu tena, na mara ya pili zilikuwa nyingi zaidi. Mama mkwe alikaa kichwani pake. Sikuwa mtu wa kuamini shimo linaweza kumdai mtoto. Lakini nilipotoka nje nilipita mbali na pale mahali, nikiuzunguka ua wote, na dairekta akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Dairekta naye alikuwa anaisha. Alikonda mbele ya macho yetu. Alipendekeza tutafute mtoto mwingine, tumpige kwa nyuma. Nikamuuliza kama yeye angenunua ng'ombe kwa kuangalia mkia tu. Akasema, "Mzee wa mnadani, basi fanya uchawi wako." Alisema kwa dhihaka.

Alhamisi mchana mawingu yakajikusanya. Homa ilikuwa imeshuka. Mke wangu akatoka jikoni, safari hii hana ujumbe wa mtu mzima.

"Mtoto anauliza kama Fahali ameingizwa ndani. Anasema mvua inakuja."

Nimeishi kwa kusikiliza bei. Najua inapotajwa, hata kama aliyeitaja hajui kuwa anauza. Nilisimama pale nikijifanya sijasikia. Fahali alikuwa katika sini mbili kati ya zile nne, na mojawapo ndiyo mwisho wa kitabu: msichana anarudi nyumbani juu ya mgongo wake, ndani ya ukungu, na yupo, hajafa, kama nilivyompa mwalimu mkono.

Nilipanda juu penye mtandao, nikampigia mwalimu. Nikamwambia kuna tatizo dogo kuhusu Fahali. Akauliza, kwa sauti ile ya mbele ya ubao, "Tulikubaliana nini?" Nikasema mtandao unakatika, mwalimu, nikakata mimi. Minara mitatu ya mtandao ilikuwa imejaa kwenye simu yangu.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa nje, amekaa juu ya mizigo ile ya kuni. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami moja kwa moja tangu Jumanne. Nikasema shikamoo mama.

"Nilitoka njia panda nikiwazika, mkwe," alisema. "Mmoja mmoja. Nilianza na mkubwa. Nikamzika, nikaona hapana, huyo yuko Babati, angeletwa kesho. Nikamzika anayemfuata. Nilipofika njia inapokuwa nyembamba nilikuwa nimewamaliza watoto wangu wote, naanza wajukuu. Nikafika kwa huyu."

Nikaangalia miguu yangu.

"Watu wamelia. Kuni zimekuja. Nani yumo?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi weka."

Nikamwambia kuna Fahali. Niliongea taratibu, maneno yakinitoka kama anayeuza mnyama wake wa mwisho, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakucheka. Aliuliza kama ana jina. Nikasema analo. Aliuliza kama watoto wanalijua jina hilo. Nikasema Mbulu na Hanang zote. Aliuliza kama akizikwa atatolewa tena baada ya watu kuondoka. Hapo alinigusa, maana hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga. Nikasema hapana, mama, hatatolewa.

Dairekta alipoambiwa alikaa chini kwenye matope. Halafu akasimama na wazo: basi tuyapige picha mazishi yake, angalau tupate mwisho. Mke wangu akapeleka ombi. Lilirudi upesi kuliko yote.

"Anasema mkipiga picha mtakuwa mmeigiza tena."

Ijumaa asubuhi tulimzika. Vijana wawili waliokuwa wanamvaa ndio waliofukua shimo, na wakati wa kumteremsha mmoja wao alisema pole kaka, si kwa mzaha. Wale wa ng'ambo ya bonde walirudi, na yule mzee naye. Binti yangu alitoka amejifunga blanketi la bibi yake. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama Fahali atalala upande anaoutaka, tukamgeuza upande anaoutaka, uso mlimani. Kisha akalia, na watoto wa jirani wakalia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kusema imetosha. Mimi nilihesabu pembe. Moja, mbili. Nikaanza upya. Moja, mbili. Sikufika tatu.

Ile mizigo tisa ya kuni ilipika kande za watu wote. Tulipomaliza kula mama mkwe alimnawisha mtoto mikono, akamleta mpaka niliposimama, akaniachia. Mchana huo tukapiga zile sini mbili zisizo na Fahali; ya tatu tukaiacha kabisa.

Jumamosi alfajiri ukungu ulipanda. Hatukuwa na mwisho, tulikuwa na saa tatu tu za kamera. Dairekta alimwambia binti yangu atembee tu arudi nyumbani, kama kitabuni, tuone. Hakumwambia zaidi. Mtoto akatembea, na akainua mkono wa kulia mpaka usawa wa shingo ya Fahali, akauacha pale hewani. Alitembea polepole sana, kwa sababu Fahali alikuwa hawezi kwenda haraka. Alipofika kwenye matuta ya vitunguu alisimama kidogo, akasubiri, kisha akaendelea. Kamera ilipiga mara moja tu. Saa nne ikaondoka.

Filamu tuliionyesha Gitting, kwenye ukumbi wa shule, mwalimu amekaa mstari wa mbele. Sini ya mwisho ilipofika watoto walinyoosha vidole kwenye ukungu na kugombana pembe ziko wapi. Sikumtazama mwalimu mpaka taa zilipowashwa.

"Hakufa?" aliniuliza.

"Hakufa, mwalimu."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Nambis. Kwa mama mkwe."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyenakili hesabu na kupata jibu sahihi. Akakusanya mkoba wake, akaondoka bila kunipa mkono. Nimempigia mara mbili tangu siku ile. Simu inaita mpaka inachoka. Barua za watoto nasikia bado zinamfikia, na sijui anazijibu nini.

Nikienda Nambis sasa nasalimu, nakaa mbali, naangalia miguu yangu. Mama mkwe ana desturi ya kuwazungusha wageni makaburini kabla ya chai, anawataja kwa mpangilio: mume wake, wakwe zake, mtoto wake. Yako matano. Mgeni akiuliza huyu wa mwisho ni nani, mama humtajia jina lake bila kutabasamu, na kusema alikuwa wa mjukuu wake.