Mayai ya Mjomba

Mwokaji wa mikate alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, unga umemganda kwenye nyusi, na wala hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akapiga magoti kando ya kabati fupi na kuchungulia ndani ya sufuria kuukuu lililokaa juu yake, limejaa mchanga. Mlikuwa na mayai matano ya kobe, yamefukiwa nusu, taa ya joto ikiyamulika kwa juu, na kila moja lina alama ya penseli utosini. Siku ya sitini, na yote yametulia. Moyo ulimdunda kama wa msichana anayesubiri matokeo ya mtihani, na huyo ni mama wa miaka hamsini na mbili, binti yake ameshaolewa zamani.

Kobe mwenyewe alikuwa wa huyo binti, aliyeondoka na masanduku manne akawaachia wazazi mnyama. Waliambiwa ni dume, wakamwita Mjomba. Miaka sita Mjomba alikula, akalala, akatembelewa uani na kobe wa jirani, akagongagonga miguu ya kitanda mchana kutwa wakati mwokaji anautafuta usingizi kwa tochi, mpaka siku alipojichimbia ndani ya kapu la nguo chafu na kutaga. Jamani, nyumba ilipinduka! Mumewe mwokaji, fundi viatu, mtu mpole wa maneno machache, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba kajifungua," akasema, akaenda kuwatangazia majirani.

Mayai yale ya mwanzo yaliharibika yote, na aliyeyaharibu ni mwokaji. Ukikaa miaka kumi na tisa mbele ya tanuri, huwezi kuona kitu kwenye joto ukakiacha hivihivi. Upande huu ukiiva, unageuza. Basi akawa anayageuza kila siku kwa mapenzi yote. Daktari wa mifugo aliposikia alishika kichwa. Kuku hugeuza mayai yake, alimweleza, lakini yai la kobe likishatulia, ukiligeuza unamuua mtoto wa ndani. Mwokaji alilia siku mbili. Mjomba alipotaga tena, ndipo akaweka alama za penseli na kuapa kwamba safari hii mkono wake hautagusa kitu.

Sasa siku hiyo ya sitini alijifunga kitambaa machoni kwa sababu ya ile taa, akalala fofofo. Alipoamka saa tisa mchana, alama mbili hazikuonekana. Mayai mawili yalikuwa yamelala kichwa chini, na hayo hayakuwa na tumaini tena.

Mumewe aliporudi alikutana na moto mlangoni.

"Baba, nani kakutuma kugusa mayai?"

"Mimi? Nimeshinda kibandani tangu asubuhi, mama. Waulize wateja."

"Basi ni Mjomba kapanda kabati?"

Fundi hakubishana. Kesho yake alifunga kibanda adhuhuri, akaja kwa kunyata, akakaa kwenye kigoda pembeni ya chumba. Haikupita nusu saa mkewe akainuka kitandani, kitambaa bado machoni, akatembea hatua tatu sawasawa bila kumkanyaga Mjomba, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye sufuria. Alikuwa amelala. Mikono ilikuwa kazini peke yake. Fundi alimshika viganja taratibu, akamrudisha, akamfunika.

Alipoambiwa, mwokaji alikosa pa kuweka uso. Alitaka alale jikoni, alale kwa dada yake, afungwe kamba. Sufuria lenyewe lisingeweza kuhamishwa, kwa maana daktari alikataza hata kulitikisa.

"Hutafungwa kama mbuzi," mumewe akasema. "Nitahamishia kazi humu."

Na kweli akahamia, mtu wa watu! Nyundo ilipigwa marufuku, akawa anashona kwa mkono tu. Wateja walikuja dirishani kuulizia viatu kwa kunong'ona, wengine wakachoka wakaenda kwa fundi mwingine, na yeye akatikisa kichwa tu na kuendelea na sindano. Kila mchana mkewe aliinuka, mara moja, pengine mara mbili, na kila mchana fundi alimpokea katikati ya chumba na kumlaza. Hakuwahi kumwamsha hata siku moja.

Siku ya tisini na saba, joto la taa na uchovu wa wiki tano vilimzidi nguvu fundi. Alisinzia, kiatu mapajani.

Mwokaji aliinuka. Hakukuwa na wa kumpokea. Alikwenda hatua zake tatu, akainama, vidole vikaingia mchangani, vikazunguka yai, vikaanza kulishika vizuri ili viligeuze. Kitu kikamsukuma kidoleni, kutoka ndani.

Aliamka palepale. Alivua kitambaa. Kwenye kiganja chake ganda lilikuwa limepasuka, na kichwa kidogo kama ncha ya kidole kilikuwa kinamtazama kwa hasira, kinahema, mguu mmoja nje. Weee!  Mwokaji alitaka kupiga vigelegele, akaogopa kumtisha mtoto, furaha ikamjaa kifuani mpaka ikamtokea machoni.

"Baba," alinong'ona. "Baba, amka uone."

Fundi alishtuka, kiatu kikaanguka. Aliona mkono wa mkewe ndani ya sufuria na rangi ikamtoka.

"Umeligeuza?"

"Sikuwahi. Katoka mwenyewe."

Alikuja akapiga magoti kando yake, wakatazama mguu wa pili ukijitoa, mabega yao yakigusana. Mjomba alipita nyuma yao akitafuna jani, asijali kabisa kwamba amekuwa mzazi. Mwokaji alilia waziwazi, akamweleza mumewe kwamba anampenda, neno ambalo hawakuwa wamelisema tangu binti aende shule ya msingi.

Fundi alijifuta uso kwa kiganja chenye gundi. Kisha akamwinua mkewe, akampeleka kitandani na kumrudishia kitambaa chake.

"Lala, mama," akasema, akiokota sindano. "Yamebaki mawili."