Maua ya Bi Bogumiła

Bi Bogumiła, mjane wa ghorofa ya tatu, aliendesha basi la umeme hapa mjini Lublin mpaka alipostaafu, na bado anaamini nusu ya wenye magari wanafaa kunyang'anywa leseni. Zurab, mwoka mikate kutoka Georgia, alipanga mlango wa pili. Walijuana kwa ugomvi. Jumapili yake ya kwanza Zurab alikuwa akitoboa ukuta atundike rafu, bibi akagonga.

"Wewe, leo Jumapili. Huo ukuta hata kesho utakuwepo."

Jioni alirudi na bakuli la supu ya kuku yenye tambi, akasimama pale pale mlangoni mpaka Zurab akalimaliza.

Watu wa mji huu walimchanganya Zurab. Wanapishana ngazini wamenuna, wanasubiri taa ya kijani na barabara tupu, halafu ukikaribishwa mezani unalishwa mpaka unafungua kifungo cha suruali. Bibi alikuwa hivyo hivyo, ila kuzidi. Mkate wa Zurab aliuponda kuwa una chumvi nyingi, akanunua miwili. Zurab alipougua homa, bibi ndiye aliyempigia tajiri wake simu: mgonjwa haji kazini, na ole wake atakayemkata mshahara. Zurab alimpenda sana.

Basi mwishoni mwa Oktoba akataka kumshukuru. Kila alikopita aliona vyungu vya maua meupe na ya njano, manene, yamejaa mbele ya maduka, na wazee wanabeba vyungu viwili viwili. Akajiambia, hapa sikosei. Akachagua chungu kikubwa kuliko vyote, akavaa shati safi, akaenda kugonga.

Bibi aliyatazama maua. Akamtazama Zurab. Akayatazama tena.

"Hebu niambie, mwanangu, naonekana nimebakiza siku ngapi?"

"Kwani vipi, mama?"

"Haya ni ya makaburini. Tunawapelekea wafu wetu siku ya Watakatifu Wote. Yule mmbeya wa chini akikuona nayo, kesho ananiletea padri."

Zurab aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Bibi alicheka hadi akajishikiza ukutani. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Una marehemu wako?"

Zurab akamweleza. Mama yake alifariki Aprili. Karatasi za ukaazi za Zurab zilikuwa bado ofisini, na angetoka nchini asingerudi. Ndugu zake walizika, yeye akaenda kukanda unga. Kwao mtu huenda kaburini, akakaa na marehemu wake, akammiminia divai. Yeye hakuwa na kaburi la kuendea. Tangu Aprili hakuwa amelia hata chozi moja, na jambo hilo lilimtisha.

"Tarehe mosi vaa koti zito," bibi akasema. "Na hicho chungu utakibeba mwenyewe."

Siku hiyo mji mzima ulihamia makaburini. Walianza kwa mume wa bibi, wakasugua jiwe lake kwa brashi.

"Stefan, umejaza majani tena," bibi akamkaripia marehemu.

Kisha akamwongoza Zurab hadi kwenye msalaba mkubwa wa katikati. Chini yake mishumaa ya ndani ya glasi ilikuwa imetapakaa, haihesabiki.

"Hapa ni pa waliolala mbali. Baba yangu alichukuliwa vitani, hatujui alizikwa wapi. Namwashia hapa tangu utotoni."

Zurab akatua chungu, akawasha mshumaa, akasimama tu.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Nazibrola."

"Tena, polepole."

Akarudia. Bibi akafumba macho, akaanza kuwaombea watu wake kwa sauti, jina baada ya jina: Wincenty, Stefan, Ludwika, mtoto Kazik. Wanaume wawili waliosimama karibu wakavua kofia. Kisha, bila kusita, kana kwamba alikula naye meza moja maisha yake yote, akasema: Nazibrola.

Zurab akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mbele ya umati wa watu asiowajua, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.