Sahani ya Shangazi Zuwena

Harufu ya nta ya nyuki hunirudisha nyumbani kwetu Mtendeni hata nikiwa katikati ya shughuli zangu. Baba alifanya biashara ya asali, na vitabu vyake vichache alivitunza stoo pamoja na madebe, kwa hiyo kila ukurasa ulinukia nta. Humo ndimo nilimokiokota, nikiwa na miaka kumi, kile kijitabu cha mtu aliyeamka asubuhi akajikuta mdudu, watu wa nyumbani kwake wakamfungia chumbani. Nilikisoma mara mbili nikazidi kuchanganyikiwa, maana humo ndani hakuna aliyeshangaa vya kutosha!

Siku hizohizo Shangazi Zuwena, dada yake baba, alifiwa na mumewe huko Igunga, akaja kukaa eda kwetu. Alipewa chumba cha uani, kavaa nyeupe, hatoki. Sisi watoto tuliambiwa tu, "Msimsumbue." Basi nikajumlisha mwenyewe: mlango umefungwa, wakubwa wananong'ona, chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Shangazi yangu ameanza kugeuka. Nilimpenda mno, nikaogopa atakufa kwa njaa.

Yule mtu wa kitabuni hakutaka chakula kizuri, alipenda kilichochacha. Ijumaa moja mama alinipa pilau ya moto nimpelekee. Niliila yote nyuma ya stoo, nikapakua wali wa juzi uliokwisha kuvuta nyuzi. Nikaiweka sahani sakafuni, mlangoni, bila hata shikamoo, nikasubiri aje aule.

Shangazi aliitazama sahani kutoka kitandani.

"Mama yako ndiye aliyepakua?"

Niliogopa fimbo. "Ndiyo, shangazi."

"Haya. Kumbe siku ya jembe imefika."

Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, niliujua. Nilichoshindwa kuona ni jinsi unavyomhusu mdudu.

Eda ilipokwisha baba alimsihi abaki, akamwambia chumba kile ni chake. Alikataa kwa upole, akapanda treni kwenda Bukene kwa binamu yake, na hakukanyaga kwetu tena. Mama alilia wiki nzima. Mimi nilishukuru Mungu kwamba ameondoka akiwa bado mtu.

Nilielewa nilipokuwa nimeshaolewa, siku wifi yangu mmoja aliponiletea makombo na kuyatua mbele yangu bila neno. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimekwisha kumwona Shangazi Zuwena amekaa kitandani, anaisoma ile sahani yangu.

Shangazi alifia hukohuko Bukene. Mama yupo, na kila Idi, tukishamaliza kula, huniuliza: "Hivi mwanangu, wifi yangu nilimkosea nini?"

Ninyi nimewaambia. Yeye bado.