Springi za Kumhamisha Mama

Pikapu yetu ilipotoka gereji ilisimama uani matako juu na pua chini, kama kuku anayekunywa maji. Watoto wa jirani walikuja kuiangalia. Mume wangu alidhani wanaistaajabia, nami sikumwambia neno, kwa sababu mwanamume aliyetoka gereji na furaha yake haambiwi kitu.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mama yangu. Aliishi Kihoto, kule Naivasha, katika nyumba ya mabati ambayo yeye na marehemu baba waliiita ya muda tangu sijaanza shule. Kisha ziwa likaanza kupanda. Maji yaliingia kwanza chooni, yakaja kwa kuku, yakafika jikoni. Ndugu zangu wawili wako Nairobi, kila mmoja na chumba chake kimoja cha kupanga, kwa hivyo wao walisaidia kwa ushauri. Kila asubuhi waliandika kwenye grupu la familia kwamba mama ahamishwe haraka, na chini yake wakaweka ile michoro ya mikono ya maombi.

Mwenye nafasi ya kumpokea nilikuwa mimi, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana mimi nimeolewa. Kwetu mama halali kwa mkwe wake. Anaweza kuja asubuhi, anywe chai, asifu mapazia, lakini jua likianza kushuka ni lazima akumbuke ana kuku wa kufungia. Mama alisema heri samaki wamkute kitandani kuliko mkwe amwone bila kilemba.

Nilimsihi kwa simu hadi nikakauka koo. Niliogopa, siwezi kuficha. Nilikuwa nikiamka nikifikiria maji yanaingia polepole na yeye ameketi tu, heshima yake mkononi. Siku moja akanijibu: "Haya. Lakini natoka mara moja tu, na mzigo wangu wote. Sitaki kwenda na kurudi watu wakiniangalia kama mpangaji aliyefungiwa nyumba. Hiyo gari yenu inaweza kubeba mzigo wa maana?"

Nikasema inaweza. Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza kando, hakusikia kwamba mama amekubali. Alisikia kwamba gari lake limetiliwa shaka.

Yeye kazi yake ni kuuza dawa za mifugo, lakini moyoni ni fundi, ugonjwa ambao hauna dawa dukani kwake. Alifunga duka akaenda Salgaa, pale malori yanapolala, kutafuta springi kuukuu za lori. Alisema springi ambayo haijawahi kubeba mahindi kutoka Eldoret haijui kazi. Akarudi na vyuma vilivyopinda, vizito kama dhambi, akampelekea fundi wake hapa Nakuru. Fundi akavipanga chini ya zile springi zetu, chuma juu ya chuma. Akaongeza na ndoano ya kuvuta trela, ingawa trela hatuna. Rafiki mmoja wa kanisani alikuwa ameahidi la kwake, lakini siku yenyewe ilipofika lilikuwa harusini, limebeba viti.

"Boss, hii hata ukipakia ndovu na mtoto wake haishuki," fundi alisema.

Ili kuthibitisha, wanaume wote waliokuwa gerejini walipanda wakaikalia nyuma. Haikushuka hata kidogo. Wakapiga makofi. Mimi, nisiyejua magari, niliuliza: kama haishuki ikikaliwa na wanaume wazima, itafanyaje ikikutana na shimo? Waliniangalia kwa huruma.

"Ikipata mzigo itatulia," mume wangu akasema.

Tulikwenda Naivasha tupu, na kila kilichokuwa ndani yangu kilibadilisha mahali. Kila tuta lilinirusha hadi darini. Kufika Gilgil nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nikiungama. Mume wangu alirukaruka kando yangu akitabasamu, akirudia, "Ngoja mzigo. Ngoja tu mzigo."

Tulimkuta mama amesimama barazani na gamubuti zake, amevaa kitenge cha kanisani, begi moja mkononi. Ndani ya nyumba hamkuwa na kitu. Kitanda alikuwa amempa jirani, kabati amelipeleka kanisani, masufuria amewagawia akina mama wa chama. Kuku alikuwa amewauza.

Mume wangu aliangalia ile nyumba tupu, akaliangalia begi, akageuka kuziangalia springi zake. Sijawahi kuona mtu aliyefiwa namna ile bila msiba. Mimi moyo ulinianguka kwa sababu nyingine. Mtu hagawi sufuria zake zote hivi hivi. Nilidhani amekata tamaa ya kuwa na nyumba, na kwamba anakuja kwangu kungoja siku zake.

"Mama, mzigo uko wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ua, pembeni palipoinuka, nusu ndani ya maji, yalikuwepo yale mawe ya kujengea. Baba aliyanunua kidogo kidogo kwa miaka mingi, ya nyumba ile ya kudumu, akafa yakiwa bado rundo. Sisi tuliyachezea tulipokuwa wadogo, kisha tukayazoea, kisha tukaacha kuyaona.

Vijana wa mtaa walikuja kusaidia. "Mathe, si haya ni mawe tu? Huko Nakuru mawe yamejaa," mmoja akasema.

"Hayo ya Nakuru si yangu," mama akajibu. Kisha, akiangalia pembeni kama heshima inavyotaka, akamuuliza mkwe wake: "Hiyo gari itaweza?"

"Mama," mume wangu akasema, naye akiangalia pembeni upande wa pili, "hata ukitaka tubebe ziwa."

Yakapakiwa hadi vijana wakaomba maji ya kunywa. Pikapu ikashuka taratibu, ikasimama sawa kama gari la watu wenye akili. Njia nzima ya kurudi ililala barabarani bila kuruka. Kwenye kizuizi cha polisi afande alichungulia nyuma, akauliza kama Nakuru mawe yameisha. Mama akafungua kioo chake. "Ni vyombo vya nyumba yangu," akamwambia, na sauti aliyoitumia ilimfanya afande atupishe. Mume wangu aliendesha akiwa amevimba kichwa, na kwa mara moja katika ndoa yetu nilimwacha avimbe.

Nyumbani nilikuwa nimetandika chumba, nimeweka na mapazia mapya. Mama aliyasifu. Akanywa chai, na jua lilipoanza kushuka akasimama, akaenda kulala kwa mjane mmoja wa kanisani, mlango wa pili. Alifanya hivyo kila jioni hadi tukamaliza kumjengea chumba chake mwenyewe, kwenye kona ya ua wetu. Mawe ya baba yalitosha ukuta wa mbele tu. Kuta nyingine ni mbao na mabati, lakini ukisimama mlangoni huzioni.

Pikapu, baada ya kushusha mzigo, ilirudi kuwa kuku. Mume wangu aliomba abakize mawe machache nyuma, angalau iache kuruka. Mama alimnyima yote.

Jioni ile mama alipohamia chumba chake, mume wangu alivaa shati safi, akachukua kilo mbili za sukari, akavuka ua wake mwenyewe. Alisimama mbele ya ule ukuta akabisha hodi. Akangoja, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa. Nilikuwa dirishani kwangu nikimcheka, hadi niliposikia sauti ya mama, bila haraka yoyote.

"Karibu kwangu, mkwe."